Asili ya Haki ya Mnunuzi

Msomaji kijana, ukinunua simu katika duka la Voi, mapatano yako ni pamoja na mwenye duka peke yake. Mtengenezaji yuko nchi ya mbali. Hakujui wala humjui. Je, betri ikivimba na kuwaka moto, yampasa mtu huyo akulipe fidia? Zamani sheria ya Waingereza, ambayo ni mzazi wa sheria nyingi za Kenya, kwa kawaida ilijibu kwamba haimpasi, maana hakupatana nawe neno lolote.

Aliyeivunja desturi hiyo alikuwa mwanamke maskini. Tarehe 26 Agosti 1928, katika mji wa Paisley, Uskoti, rafiki yake May Donoghue alimnunulia soda ya tangawizi iliyokuwa katika chupa nyeusi isiyoonyesha kilichomo. Bibi huyo alidai kwamba alikwisha kunywa kiasi, ndipo mabaki ya konokono aliyeoza yakatoka chupani, naye akaugua. Kwa kuwa siye aliyelipa, hakuweza kumdai mwenye mkahawa kwa mapatano. Basi akamshtaki David Stevenson, mwenye kiwanda. Fedha za kesi hakuwa nazo, akaruhusiwa kushtaki kama fukara. Mwaka 1932 Malodi watatu, wawili wakikataa, waliamua kwamba mwenye kiwanda ana wajibu wa kujihadhari asimdhuru atakayetumia kitu chake, ijapokuwa hajamwona kamwe.

Wajibu huo ni mzito. Tazama yaliyoipata kampuni ya Samsung ya Korea Kusini. Ndani ya betri ya simu mna tabaka mbili zilizotengwa na utando mwembamba. Zikigusana, joto huzidi hata moto ukawaka. Simu za Galaxy Note 7 zilitolewa Agosti 2016, na punde baadhi yake zikaungua. Septemba kampuni ilitangaza kwamba itabadilisha simu 2,500,000. Kumbe baadhi ya zile za badala nazo ziliwaka! Oktoba ikaacha kuzitengeneza kabisa, na wanunuzi wakarudishiwa fedha au kupewa simu za aina nyingine. Uchunguzi uliotangazwa Januari 2017 ulionyesha kasoro katika betri za watengenezaji wawili.

Hapa kwetu, kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 champa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora ufaao, na fidia kwa hasara au madhara yaletwayo na kasoro. Lakini haki hudaiwa kwa ushahidi. Mzazi aliyeteremka kutoka Wundanyi, akatoa akiba yake kununua simu Voi bila kuchukua stakabadhi, ataonyesha nini mbele ya hakimu? Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo, itunze stakabadhi, wala usiitupe simu iliyoharibika kabla ya kudai. Hiyo ndiyo shahidi wako wa kwanza.