Chama cha Hoja Moja: Bangi, Sheria za Vyama na Siasa za Uchaguzi kutoka Roots Party ya Kenya hadi Kibaha na Kisarawe, 1992–2022

1.0 Utangulizi

Mnamo Februari 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere katika eneo la Kwa Mfipa, Kibaha. Shule hiyo ni mali ya vyama sita vya ukombozi: CCM, ANC, FRELIMO, MPLA, SWAPO na ZANU-PF, na ilijengwa kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China. Miezi michache baadaye, jijini Nairobi, wakili na mhadhiri George Wajackoyah alizindua ilani ya Roots Party of Kenya, akiahidi kuhalalisha kilimo cha bangi ili mapato yake yalipe deni la taifa.

Matukio haya mawili yanawakilisha dhana mbili zinazokinzana kuhusu chama cha siasa. Kwa dhana ya kwanza, chama ni umma wote uliojipanga: kina historia, mashina, makada na jibu kwa kila swali. Kwa dhana ya pili, chama ni chombo cha kubebea hoja moja ambayo vyama vikubwa vimekataa kuigusa. Insha hii inajadili kwa nini dhana ya pili ilipata nafasi Kenya, na kwa nini haijapata mizizi Tanzania Bara, kwa kuzitazama Kibaha na Kisarawe mkoani Pwani. Hoja kuu ni kwamba kizuizi si idadi ya wanachama inayodaiwa na sheria, kama inavyodhaniwa mara nyingi. Kizuizi ni umbali uliopo kati ya wale wanaoumizwa na katazo na wale wanaoweza kulipigia kura.

2.0 Usuli: Katazo na Sheria Zake

Jina bangi lenyewe lina asili ya Bara Hindi na lilifika pwani kwa njia za biashara ya Bahari ya Hindi, karne nyingi kabla ya ukoloni. Katazo, kwa upande wake, ni la karne ya 20. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1925 uliiingiza bangi katika udhibiti wa kimataifa, na Mkataba Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 uliiweka katika kundi la dawa zinazodhibitiwa kwa ukali zaidi. Tanzania huru ilirithi sheria za kikoloni, kisha ikatunga sheria yake mwaka 1995. Sheria hiyo ilifutwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Na. 5 ya mwaka 2015, iliyozaa mamlaka yenye uwezo wa kukamata na kupeleleza. Chini ya utaratibu huu, hukumu za kifungo cha miaka 30 kwa makosa ya bangi zimekuwa jambo la kawaida mahakamani.

Ukali huo haulingani na mwelekeo wa dunia. Lesotho ilianza kutoa leseni za kilimo cha bangi ya dawa mwaka 2017, na Malawi ilipitisha sheria yake mwaka 2020. Nchini Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua mnamo Septemba 2018 kwamba kumwadhibu mtu mzima kwa matumizi ya faragha kunakiuka katiba. Mmoja wa waliokuwa katika shauri hilo, Jeremy Acton, alikuwa mwanzilishi wa Dagga Party, chama kidogo cha hoja moja. Mfano huu unaonyesha kwamba chama cha namna hii kinaweza kushindwa katika sanduku la kura na waanzilishi wake wakashinda mahakamani.

3.0 Roots Party na Uchaguzi wa Agosti 2022

Roots Party haikuwa chama cha hoja moja kwa maana kamili. Ilani yake iliahidi pia ufugaji wa nyoka kwa ajili ya sumu, wiki ya kazi ya siku nne na adhabu ya kifo kwa mafisadi. Hata hivyo, ni bangi iliyokipa chama sura, na kaulimbiu ya "Tingiza Mti" ilienea haraka miongoni mwa vijana wa mijini. Kura za maoni zilimpa mgombea wake asilimia chache, kiasi cha kuaminika kwamba angeweza kuulazimisha uchaguzi uingie duru ya pili.

Matokeo yalikuwa tofauti. Katika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, Wajackoyah alipata kura 61,969, sawa na asilimia 0.44. William Ruto alipata kura 7,176,141 na Raila Odinga 6,942,930. Pengo kati ya wawili hao lilikuwa kura 233,211. Kwa hiyo, hata kama wapiga kura wote wa Roots wangemfuata Odinga, mshindi asingebadilika. Kabla ya siku ya kura, mgombea mwenza Justina Wamae alikuwa amekwishatofautiana hadharani na kiongozi wake. Pasipo mashina ya kukiunganisha, chama kilitegemea haiba ya mtu mmoja.

Pamoja na hayo, si sahihi kuhitimisha kwamba kampeni ile ilikuwa mzaha mtupu. Kwa miezi kadhaa, suala lililokuwa la polisi na mahakama liligeuka kuwa suala la uchumi lililojadiliwa kwenye runinga, misikitini na makanisani. Wapinzani wake walilazimika kutoa sababu za katazo badala ya kulichukulia kuwa jambo lililokwisha.

4.0 Kizingiti cha Sheria: Ulinganisho

Sheria ya Vyama vya Siasa ya Kenya ya mwaka 2011 inakitaka chama kiwe na wapiga kura wasiopungua 1,000 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, yaani angalau watu 24,000. Sheria ya Vyama vya Siasa ya Tanzania, Na. 5 ya mwaka 1992, inadai wanachama 200 katika kila mmoja wa mikoa kumi, ikiwemo mikoa miwili ya Zanzibar, mmoja Unguja na mwingine Pemba. Jumla yake ni watu 2,000. Kwa hesabu, basi, mlango wa Tanzania ni mpana zaidi.

Sheria hiyo inakataza vyama vinavyotetea maslahi ya dini, kabila au eneo fulani, na vinavyotaka kuvunja Muungano. Ndiyo sababu Democratic Party ya Mchungaji Christopher Mtikila ilikaa miaka mingi bila usajili: haikuutambua Muungano, na ilisajiliwa mwaka 2002. Kutaka sheria ya dawa ibadilishwe hakumo katika makatazo hayo.

Kizuizi kikubwa kiko kwingine. Mgombea binafsi haruhusiwi Tanzania, licha ya uamuzi wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu wa Juni 2013 katika shauri la Mtikila. Mtu mwenye hoja moja hana budi kuanzisha chama kizima au kuingia katika kilichopo. Mwaka 2020, Hashim Rungwe wa CHAUMMA alijulikana zaidi kwa ahadi ya ubwabwa. Wengi walicheka, lakini ahadi hiyo ilikuwa salama: hakuna afungwaye kwa kupika wali.

5.0 Kibaha na Kisarawe

Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, na Barabara Kuu ya Morogoro inaipitia ikielekea Dar es Salaam. Kisarawe inapakana na jiji hilo na inapitiwa na reli ya TAZARA. Hivyo, wilaya hizi ziko katika njia za mizigo na ukingoni mwa soko kubwa. Maeneo yanayotajwa sana katika operesheni za kuteketeza mashamba ya bangi ni mengine: Arumeru mkoani Arusha, Tarime mkoani Mara na sehemu za Morogoro.

Jiografia hiyo ina maana ya kisiasa. Mkulima wa Kisarawe huulizia bei ya korosho, soko la muhogo na mipaka ya ardhi. Katazo la bangi halimgusi mpaka kijana wake akamatwe. Kijana akikamatwa, familia hutafuta wakili au dhamana, si kadi ya chama. Walioumizwa wametawanyika, wanaona aibu, na kujitokeza kwao ni sawa na kukiri kosa. Chama kinachohitaji majina 200 kwa kila mkoa kinawaomba watu hao waandike majina yao mahali ambapo dola itayasoma.

Uganda inatoa funzo hapa. Mwaka 2023, Mahakama ya Katiba ilibatilisha sheria ya dawa za kulevya ya nchi hiyo kwa kuwa ilipitishwa bila akidi ya wabunge. Walalamikaji walikuwa wakulima na wafanyabiashara wa mirungi wa Wakiso, ambao tayari walikuwa na umoja wao. Bunge lilipitisha sheria nyingine baadaye, lakini kwa muda umoja wa wakulima ulifanya kile ambacho chama hakikuweza.

6.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba chama cha hoja moja huweza kusajiliwa, kusikika na kushindwa ndani ya msimu mmoja wa uchaguzi. Thamani yake haipimwi kwa kura pekee, bali kwa kulitoa suala gizani. Kwa Tanzania, idadi inayodaiwa na sheria ya mwaka 1992 si mlima. Mlima ni kosa la jinai linalomfanya mwanachama mtarajiwa aogope orodha ya wanachama. Kwa sababu hiyo, mjadala wa bangi utaendelea kutegemea wabunge wa vyama vilivyopo, mahakama na vyama vya wakulima. Mpaka hapo, anayetumikia miaka 30 atabaki bila chama cha kumsemea, iwe katika shule ya uongozi pale Kibaha au katika mikutano ya kampeni ya Kisarawe.