Siku Saba Puteoli

Paulo alipofika Italia, karibu mwaka 60 B.K., hakushuka Rumi, maana Rumi si mji wa pwani. Alishuka Puteoli, bandari iliyo jirani na Naples, ambayo leo huitwa Pozzuoli. Warumi waliifanya koloni lao mwaka 194 K.K., na hapo ndipo zilipotia nanga meli za ngano kutoka Misri. Seneca, aliyeishi siku zile zile, aeleza jinsi watu walivyokimbilia gatini mara walipoona mashua za Iskanderia zilizotangulia kutangaza kwamba meli zaja. (Yeye mwenyewe, asema, hakukimbia.)

Nchi ile ina majivu ya volkano ambayo yakichanganywa na chokaa huwa magumu kama jiwe hata majini. Mfalme Herode aliyaagiza kujengea bandari ya Kaisaria. Basi Paulo, aliyefungwa Kaisaria miaka 2, alikuwa karibu na majivu ya Puteoli kabla hajaiona Puteoli.

Lakini volkano hiyo haijatulia, na ardhi hupanda na kushuka. Nguzo 3 za soko la kale zimetobolewa na kome wa baharini, juu kupita kimo cha mtu, kwa kuwa zilizama, kisha zikainuka. Sehemu ya bandari ya Warumi ingali chini ya maji. Machi 1970 watu wa mtaa wa kale, Rione Terra, walihamishwa. Na kati ya 1982 na 1984 ardhi iliinuka karibu meta 2, hata mashua zikakosa kina gatini.

Sasa tufungue Matendo 28. Upepo wa kusi uliwaleta, nao wakakuta ndugu. Luka hataji jina la hata mmoja, wala la mhubiri aliyewatangulia. Twafikiri habari njema ilishuka hapo pamoja na magunia, mabegani mwa watu wasiojulikana.

Nao walimwomba Paulo akae siku saba. Tukumbuke alikuwa mfungwa wa Kaisari, chini ya akida Yulio na askari wake. Mgeni wa namna hiyo hafichiki. Mtaa mzima humwona. Hata hivyo walimsihi.

Kisha wakashika njia ya Rumi. Kabla hawajafika, ndugu wa Rumi walikuwa wamekwisha kusikia, wakaja kuwalaki mpaka Soko la Apio. Ni nani aliyewapelekea habari, kama si wale wa Puteoli?