Korosho za Tanzania na Msumbiji: mti hauhami na mwenye shamba

Mto Ruvuma unatenganisha Tanzania na Msumbiji, lakini mkorosho hauna mpaka. Wareno ndio walioleta mti huo kutoka Brazili katika karne ya 16, nao ukaota kando ya bahari, pande zote mbili, kwenye mchanga ambako mazao mengine yanapata shida. Wamakonde wako huku na kule ya mto, na wote wanajua kukaanga korosho kwenye moto. Ganda lake lina mafuta makali yanayounguza mikono, kwa hiyo haliliwi ovyo. Tunda lake, bibo, linakamuliwa, na upande wa Mtwara kinywaji chake kinaitwa uraka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nchi hizi mbili zilikuwa kati ya wakubwa wa korosho duniani. Msumbiji, ikingali chini ya Wareno, ilipata zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka na ikashika nafasi ya kwanza. Tanzania ilifika karibu tani 145,000 katika msimu wa 1973/74. Kisha zote mbili zikaanguka, na wala haikuwa kwa sababu ya mvua.

Nchini Tanzania, Rais Julius Nyerere aliagiza mwezi wa 11 mwaka 1973 kwamba wakaaji wote wa mashambani wawe wameingia katika vijiji vya pamoja kabla ya mwisho wa 1976. Shule, zahanati na maji vingekuwa karibu, na kweli watu wengi walivipata. Ila mkorosho ulibaki kule kule ulikopandwa na babu. Mkulima akajikuta anaishi mbali na miti yake. Nyasi zikamea chini, moto wa porini ukaunguza, na bei ya serikali haikumpa hamu ya kutembea mwendo wote ule. Mwishoni mwa miaka hiyo ukaja ugonjwa wa ubwiriunga, unaofunika maua kama unga mweupe hadi yakauke. Kufika 1986/87 mavuno hayakuzidi tani 17,000 hivi. Ajabu ni kwamba katika miaka hiyo hiyo nchi ilikuwa imejenga viwanda 12 vya kubangua, kwa mikopo, na mashine zikakosa korosho za kubangua.

Msumbiji iliumia zaidi. Uhuru ulikuja 1975, na vita kati ya serikali ya FRELIMO na RENAMO vikaanza miaka miwili baadaye, vikaendelea hadi mkataba wa amani wa Roma, tarehe 4 mwezi wa 10 mwaka 1992. Mamilioni walikimbia makwao. Mkorosho unaweza kuzaa makumi ya miaka, lakini kuvu, moto na uzee havingoji mwenye shamba arudi. Wahami wa Masisi, Rutshuru au Djugu walioacha kahawa na maparachichi hawahitaji kuelezwa jambo hili.

Hapo njia zikaachana. Tanzania, kupitia watafiti wa Naliendele, karibu na Mtwara, ilipambana na ubwiriunga kwa unga wa salfa na kwa miche bora, na mwaka 2007 ikaanza kuuza kwa stakabadhi ghalani ili mkulima asinyonywe na mchuuzi. Msimu wa 2017/18 ulitoa zaidi ya tani 300,000. Mwaka uliofuata bei ikagombaniwa mnadani, wakulima wakagoma, na Rais Magufuli akaamuru serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likabeba magunia.

Msumbiji haijarudi kwenye tani zake za zamani. Mwaka 1995, kwa shinikizo la Benki ya Dunia, ilianza kupunguza kodi ya korosho ghafi zinazokwenda nje. Wanunuzi wa India wakazichukua, viwanda vikafungwa, maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakakosa kazi. Baadaye bunge likapandisha kodi hiyo tena, na viwanda vidogo vikafufuka katika jimbo la Nampula.

Kwa hiyo anayelinganisha tani tu anakosea. Tanzania inavuna nyingi zaidi, lakini sehemu kubwa inapanda meli ikiwa na ganda lake, kwenda India na Vietnam, na mtoto wa Mtwara anaona magunia kuliko korosho kwenye sahani. Msumbiji yenye mavuno madogo ilijaribu, angalau kwa sheria, kubakiza kazi nyumbani.

Tangu mwezi wa 10 mwaka 2017, waasi wanashambulia Cabo Delgado, jimbo linalopakana na Mtwara. Mamia ya maelfu wamehama, baadhi wakakimbilia Nampula, wengine wakavuka Ruvuma. Msimu wa kuokota unaanza kila mwaka karibu na mwezi wa 10, na katika vijiji vilivyoachwa korosho zinaanguka zenyewe chini ya miti.