Ujazo wa Diski za Kompyuta

Msomaji, katika kiwanda cha Changamwe, kilichosafisha mafuta tangu 1963 hata 2013, lita ilikuwa lita kwa mwuzaji na kwa mnunuzi. Diski za kompyuta hazikupimwa kwa unyofu huo.

Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa diski ngumu ya kwanza: visahani 50, kila kimoja upana wa sentimita 61, na mtambo mzima wapata tani moja. Ulihifadhi herufi 5,000,000 tu. Yasimuliwa kwamba mafundi waliweza kuuzidisha ujazo, bali wauzaji walikataa, kwa kuwa hawakujua wangemwuzia nani. Ajabu ya biashara! Mwaka 1980 Seagate iliuza diski ya ujazo kama ule, ndogo ya kushikika mkononi, kwa dola 1,500.

Baadaye ujazo ulipokua, namba ya kibandikoni ndiyo iliyovuta wanunuzi. Lakini waundaji walihesabu kwa 1,000, na programu nyingi kwa 1,024. Basi ukinunua pale Changamwe kompyuta kuukuu yenye diski ya gigabaiti 40, yaweza kukuonyesha 37. Diski si mbovu. Huko Marekani wanunuzi walishtaki, na mwaka 2007 Seagate ilikubali kuwarudishia asilimia 5 ya bei, au kuwapa programu bure.