Nafasi ya Masomo na Deni Lake

Wahenga walisema kwamba mchumia juani hulia kivulini. Katika historia ya elimu ya juu ya Afrika ya Mashariki methali hiyo haikuwa kweli kwa kila mtu, maana aliyechuma juani na aliyekula kivulini aghalabu walikuwa watu wawili mbalimbali. Mkulima wa Bugwema, katika nchi ya Musoma, alipalilia pamba, akalipa kodi, akafa bila kujua herufi. Na kijana mmoja kati ya maelfu akachaguliwa, akavikwa viatu, akapelekwa shule za mbali kwa fedha ambazo si yeye wala baba yake aliyezitoa. Je, kijana huyo alikuwa na deni gani, na kwa nani? Swali hili ni la zamani katika mkoa wa Mara, na hapana mtu aliyelibeba kwa muda mrefu zaidi kuliko mwana wa mkoa huo huo, Julius Kambarage Nyerere.

Nyerere alizaliwa Butiama mwezi wa Aprili, 1922. Baba yake, Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Mama yake, Mgaya, alikuwa mmoja katika wake wengi wa chifu huyo. Mtoto hakutiwa shuleni mapema. Alichunga mbuzi mpaka umri wa miaka kumi na miwili, na mwaka 1934 ndipo alipopelekwa Mwisenge, mjini Musoma, mwendo wa kilomita zipatazo 40 kutoka nyumbani. Serikali ya Mwingereza ilipenda wana wa machifu wasome, kwa kuwa ilitawala kwa mikono ya machifu. Basi mlango wa kwanza haukufunguliwa na akili ya mtoto peke yake. Ulifunguliwa na cheo cha baba. Watoto wengi wa umri wake, wenye akili kama yake au kuipita, walibaki machungani kwa sababu baba zao hawakuwa machifu.

Hata hivyo cheo hakikumfanyia mtihani. Mwaka 1937 aliingia shule ya Serikali ya Tabora, na huko alikaa mpaka 1942. Kwa kijana wa Musoma safari hiyo ilikuwa ya meli mpaka Mwanza, kisha ya treni kupita nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi. Shule yenyewe ilikuwa chujio, na baada yake palikuwa na chujio jembamba zaidi, yaani mtihani wa kuingia Makerere, Uganda. Nyerere alifaulu, akapata msaada wa fedha wa kusomea ualimu, na mwezi wa Januari, 1943, akafika Kampala. Alikaa huko mpaka 1945, akatoka na stashahada ya ualimu. Katika miaka hiyo alishinda shindano la uandishi kwa insha iliyotumia hoja za John Stuart Mill juu ya utumwa wa wanawake kupima hali ya wanawake wa Kizanaki. Yafaa jambo hili likumbukwe, kwa sababu laonyesha kwamba kijana aliyeitwa kusoma fikira za Wazungu alizirudisha mara moja nyumbani kwa mama yake, akazijaribu huko.

Tangu 1946 alifundisha katika shule ya misheni ya Mtakatifu Maria, Tabora. Mkuu wake alikuwa Padri Richard Walsh wa shirika la Mapadri Weupe, mtu aliyeamini kwamba mwalimu huyu kijana hakustahili kuishia na stashahada. Padri alimshauri afanye mtihani wa kuingilia masomo ya Chuo Kikuu cha London. Nyerere aliusomea huku akifundisha, na mwezi wa Januari, 1948, akafaulu. Lakini kufaulu mtihani ni jambo moja, na kupata nauli, ada na chakula cha miaka mitatu katika nchi ya baridi ni jambo jingine. Mshahara wa mwalimu wa misheni haukuweza kitu hata kimoja katika hayo.

Fedha zilikuwako mahali pamoja. Mwaka 1945, vita vilipokuwa vinakwisha, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya maendeleo na ustawi wa makoloni, nayo ilitenga paundi milioni 120 kwa miaka kumi. Fungu dogo la fedha hizo lilitengwa kwa masomo ya juu. Kwa vijana wa Tanganyika huo ulikuwa mlango mmoja kati ya michache mno. Waombaji walipimwa na maofisa wa Serikali, na kila mmoja alihitaji vyeti, mtu wa kumsifu, na hakika ya kwamba masomo yake yataifaa nchi kwa jinsi Serikali ilivyoyaona mafaa. Nyerere aliomba, akanyimwa. Aliomba mara ya pili, na mwaka 1949 akakubaliwa.

Habari hii ya kunyimwa kwanza husemwa kwa haraka, kana kwamba ni kikwazo kidogo njiani. Kwa kweli ina uzito wake. Laiti mwombaji angaliichukua barua ya kwanza kuwa ndiyo hukumu ya mwisho juu ya akili yake, angalibaki mwalimu mwema wa Tabora, na historia ya nchi ingalishika njia nyingine. Kamati ya wachaguzi huona karatasi. Haioni mtu, na hukumu yake ni juu ya karatasi ile kwa mwaka ule. Tena Nyerere hakurudi kuomba akiwa peke yake. Alikuwa na mkuu wa shule aliyeendelea kumshadidia. Vijana wangapi wa Bugwema, wa Bunda na wa Butiama walinyimwa mara moja wakanyamaza, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwaambia waandike tena?

Barua ya kukubaliwa nayo haikuleta furaha tupu. Baba yake Nyerere alikuwa amefariki tangu 1942, na mshahara wa mwalimu ndio uliomsaidia mama na wadogo zake. Kwenda ng'ambo kulikuwa na maana ya kuukata mkono huo kwa miaka mitatu. Nyerere alisita kwa sababu hiyo. Watu wasomao wasifu wa mashujaa hupenda kuona nafasi ya masomo kama zawadi. Kwa jamaa wa Butiama ilikuwa pia ni upungufu. Maana kila mwanafunzi aliyepanda ndege aliacha jembe, na jembe hilo lilishikwa na mtu mwingine, ambaye aghalabu alikuwa mwanamke, na jina lake halikuandikwa katika orodha ya wafadhili.

Mwezi wa Aprili, 1949, aliondoka Dar es Salaam kwa ndege, na akafika Edinburgh, Uskoti, kwa treni kutoka London. Alianza kwa masomo mafupi ya kemia na fizikia, na mwezi wa Oktoba akakubaliwa kusomea shahada ya sanaa. Katika miaka mitatu alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi wa siasa, elimu ya jamii na mila za watu, historia ya Uingereza, historia ya uchumi, sheria ya katiba, na falsafa ya maadili. Alama zake hazikuwa za kushangaza. Alifaulu masomo yote, na hilo lilitosha. Mwaka 1952 alipewa shahada yake, na mwezi wa Oktoba akarudi nyumbani. Mwezi wa Januari uliofuata alimwoa Maria Gabriel, mwalimu aliyemchumbia kabla ya safari, kisha akaenda kufundisha Pugu.

Serikali ya mkoloni ilitumaini kwamba fedha zake zimenunua mtumishi. Ilikuwa imelipia, bila kujua, masomo ya katiba ya mtu atakayeiondoa. Tarehe 7 Julai, 1954, TANU ilianzishwa, na mwezi wa Machi, 1955, baada ya kurudi kutoka Umoja wa Mataifa, Nyerere aliacha kazi ya ualimu ili ashike ya siasa. Je, alikuwa mwizi wa fadhila? La. Aliona kwamba deni lake halikuwa kwa mtia sahihi bali kwa wale ambao sahihi ilitiwa kwa jina lao.

Baada ya uhuru wa 1961 fikira hii iligeuka kuwa siasa ya nchi. Nyerere alikumbusha baadaye kwamba miaka arobaini na zaidi ya Waingereza iliacha Tanganyika na wahandisi wawili na madaktari kumi na wawili. Mwaka 1964, akieleza Bungeni mpango wa maendeleo wa miaka mitano, alimfananisha mwanafunzi wa chuo kikuu na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichosalia ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta chakula kingine. Akila asirudi, amekisaliti kijiji. Wakulima wa Mara, wanaojua njaa si kwa mfano bali kwa mwaka na mwezi, hawakuhitaji kufasiriwa maneno hayo.

Wanafunzi wenyewe hawakuyapokea wote. Tarehe 22 Oktoba, 1966, waliandamana mpaka Ikulu kuipinga amri ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa huku wakipokea sehemu tu ya mshahara baada ya masomo. Rais aliwafukuza karibu 400, na siku hiyo hiyo akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Wengi wao waliruhusiwa kurudi mwaka uliofuata, lakini jambo lilikwisha kudhihirika: deni ambalo mmoja alilijua moyoni, wengine waliliona kuwa ni kongwa.

Mwezi wa Novemba, 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, mji ule ule alikoanza kusoma herufi mtoto wa Burito. Azimio la Musoma liliamuru elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977, na likaufunga mlango wa kutoka kidato cha sita moja kwa moja kwenda chuo kikuu. Tangu hapo mwombaji alipaswa kwanza kufanya kazi, kisha aletewe sifa njema kutoka kazini na katika chama. Nia yake ilikuwa njema: mtu aijue jasho kabla ya kukikalia kivuli. Lakini sifa njema ziliandikwa na wakubwa wa kazi, na mkubwa wa kazi ni binadamu. Aliyempenda alimsifu, na aliyemwogopa alimkalisha. Wasichana nao walipungua vyuoni, kwa kuwa miaka ya kungoja ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa. Hata mwaka 1976 sharti hilo likaondolewa kwao. Katika miaka ya 1980 liliachwa kwa jumla.

Tangu hapo deni limebadilika sura. Sheria ya 2004 iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ilianza kazi 2005. Sasa deni lahesabiwa kwa shilingi, na hukatwa katika mshahara. Kando ya mikopo zimekuwako nafasi za sifa kwa wachache waliofaulu kupita wenzao, kama mfuko wa kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere ulioanzishwa na Benki Kuu mwaka 2009, na ufadhili ulioanzishwa mwaka 2022 kwa jina la Rais Samia kwa wanafunzi wa sayansi. Hesabu ya shilingi ina haki yake: haimwulizi mtu siasa yake, wala haihitaji sifa za mkubwa. Walakini yaweza kumdanganya mlipaji. Akisha kulipa shilingi ya mwisho hudhani kwamba amemaliza.

Kijana wa Bugwema aandikaye maombi yake hujaza jina, shule, alama na kipato cha wazazi. Karatasi haimwulizi ni nani aliyeshika jembe lake. Nyerere alijiuliza kabla ya safari, akasita, akaenda, akarudi. Katika hayo manne, kwenda ndiko kunakosifiwa zaidi. Lakini walioachwa nyuma Butiama walijua kwamba kwenda kwake kungekuwa hasara tupu kama asingalirudi.