Kuandika, Kuandikisha, Kujiandikisha: Nani Anashika Kalamu?



Leo tutazungumza juu ya neno moja tu: kuandika. Mutauliza, neno hilo lina kazi gani na amani? Lina kazi kubwa. Kila mara vita inapokaribia, majina ya vijana yanaandikwa mahali fulani. Na vita inapopoa, tunasema kwa urahisi: «Yule alijiandikisha mwenyewe.» Maneno hayo machache yanatosha kumfungia kijana mlango wa nyumba ya baba yake. Kwa hiyo inafaa tujue kama ni ya kweli.

NENO LENYEWE

Katika Kiswahili, kuandika si kutia wino kwenye karatasi tu. Kuna maana nyingine ya zamani, kupanga vitu mahali pake; ndiyo sababu watu wanasema kuandika meza. Na maana ya tatu ni kumweka mtu katika kazi. Wakati wa misafara, wafanya biashara wa Zanzibar waliandika wapagazi na askari kabla ya kuingia bara. Misafara hiyo ndiyo ilileta Kiswahili hadi Nyangwe na Kasongo. Basi tangu zamani, mtu aliyeandikwa alikuwa kama sahani juu ya meza: mwingine ndiye alimweka pale.

Sasa angalieni neno linavyogeuka. Shefu anaandika. Kijana anaandikwa. Mjumbe anapita vijijini kuandikisha. Kijana anajiandikisha. Shina ni moja, lakini mwenye kalamu si mmoja. Katika maneno matatu ya kwanza, anayeamua ni mwenye nguvu. Katika la nne peke yake, kijana ndiye anaamua. Historia ya nchi yetu inaonyesha kwamba mara nyingi neno la nne lilitumiwa kuficha yale matatu.

WAKATI WA BULA MATARI

Dola Huru ya Kongo, ya mfalme Léopold II, ilianza mwaka 1885. Jeshi lake, Force Publique, lilipangwa mwaka 1888. Askari wengi wa kwanza walitoka nje, Zanzibar na Afrika ya Magharibi, na gharama yao ilikuwa kubwa. Ndipo tarehe 30 Julai 1891 ilitoka amri ya kuandikisha wenyeji. Wilaya zilipewa hesabu ya watu wa kutoa, na komiseri alipaswa kupatana na mashefu namna ya kuwapata.

Katika karatasi amri ile ilikuwa na utaratibu. Katika kijiji mambo yalikuwa mengine. Shefu aliyedaiwa watu hakupenda kumtoa mwana wake. Alitoa mtumwa, ao mgeni, ao yatima, ao kijana aliyegombana na wakubwa. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Asiye na mjomba wa kumsemea, jina lake lilitangulia. Wengi walisafirishwa wamefungwa minyororo shingoni. Na hata hivyo, katika barua za maofisa wengine wa Dola, watu hao wa minyororo waliitwa «wenye kujitolea».

Watoto nao hawakuachwa. Amri ya mwaka 1890 iliipa Dola mamlaka juu ya watoto yatima na walioachwa. Walikusanywa katika makambi, kama vile Boma na Nouvelle-Anvers, mahali panapoitwa leo Makanza. Shabaha mojawapo ilikuwa kupata askari. Na kati yao walikuwamo waliofanywa yatima na vita za Dola yenyewe.

Mwaka 1908 Ubelgiji ilichukua nchi, lakini kalamu ilibaki mkononi mwa wakubwa. Katika Katanga, Bursi ya Kazi iliundwa mwaka 1910 ili kupatia migodi wafanyakazi, na waandikishaji walipitia kwa mashefu, wakiwapa zawadi kwa ajili ya watu waliotolewa. Katika vita ya 1914 hadi 1918, Force Publique ilishambulia nchi ya Wadachi ya Afrika ya Mashariki, ikaingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Nyuma ya askari walitembea wapagazi. Kwa vita yote walipita watu karibu 260,000, wakibeba risasi na chakula juu ya kichwa. Wangapi kati yao walijiandikisha? Wazee wetu hawakuacha neno hilo. Waliacha habari za kukimbilia porini wakati mwandikishaji anapofika.

WAKATI WA KADOGO

Oktoba 1996 vita ya AFDL ilianzia huku Kivu. Tarehe 17 Mei 1997 iliingia Kinshasa. Katika mistari yake walionekana watoto wengi, na wananchi waliwaita kadogo. Ni neno tamu, kama mama anavyomwita mtoto wake wa mwisho. Lakini utamu wa neno haukupunguza uzito wa bunduki. Na vita zilizofuata, makundi mengi yaliendelea na desturi ileile.

Watoto wengine walikamatwa njiani. Wengine walikwenda kwa miguu yao: shule imefungwa, nyumbani hakuna chakula, baba ameuawa, moyo unataka kulipiza. Ni juu ya hawa wa pili tunasema: «Alijiandikisha.»

SHERIA INASEMA NINI?

Msikilizaji mmoja atasema: «Lakini huyu wa kwetu hakufungwa kamba. Aliamka asubuhi, akaenda mwenyewe.» Swali hilo lilifika mbele ya majaji. Tarehe 14 Machi 2012, Korti ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, kule La Haye, ilimkuta Thomas Lubanga, kiongozi wa UPC ya Ituri, na kosa kwa ajili ya watoto wa chini ya miaka 15 waliokuwa katika jeshi lake mwaka 2002 na 2003. Alipewa miaka 14 ya kifungo. Majaji walitenganisha matendo matatu: kumwandikisha mtoto kwa nguvu, kumpokea na kumwandika yule anayekuja, na kumtumia katika mapigano. Yote matatu ni makosa. Na walisema wazi kwamba kukubali kwa mtoto hakumwokoi yule aliyempokea. Mwaka 2019 Bosco Ntaganda alihukumiwa naye, kwa makosa hayo pamoja na mengine mengi, miaka 30.

Sheria ya kwetu inakwenda mbali zaidi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamkinga hadi miaka 18. Kifungu cha 187 kinampa anayemwandika ao kumtumia mtoto katika jeshi, katika kundi la silaha ao katika polisi, miaka 10 hadi 20 ya kifungo. Na Katiba ya 2006, kifungu cha 190, inahesabu kuunda jeshi la mtu binafsi ao kutunza vijana wenye silaha kuwa uhaini mkubwa.

Basi mbele ya sheria, mtoto hawezi kujiandikisha. Hata akienda kwa miguu yake, kuna mkubwa aliyefungua daftari. Huyo ndiye mwenye kujibu.

Tunajua kuna wanaotusikiliza waliochomewa nyumba, na mtoto wa jirani alikuwa kati ya wachomaji. Hatufuti machozi yenu. Mtu mzima aliyetenda ubaya atajibu ubaya wake. Lakini tukimbebesha mtoto deni lote, mwenye daftari anaondoka huru, na kesho atafungua ukurasa mwingine kwa ajili ya mdogo wake.

TUFANYE NINI?

Wazee mashefu, mwaka 1891 kalamu ilipitia kwa mashefu, na hata leo inajaribu kupitia kwenu. Katika kambi daftari ni nyingi: ya chakula, ya dawa, ya shule. Akija mtu kuomba majina ya vijana, muulize mbele ya watu: hii ni daftari ya kitu gani, nani anaishika, inakwenda wapi? Asipojibu, musimpe hata jina moja. Na musikubali kutoa yatima ili mtoto wa mkubwa apone.

Wazazi, mtoto anaporudi, musimuulize kwanza: «Kwa nini ulijiandikisha?» Muulize: «Nani alikuandika?» Hapo mtamsikia akieleza siku ile, njia ile, na mtu yule aliyempa sahani ya chakula na bunduki.

Muzungumze juu ya neno hili leo jioni, watoto wakiwa wanasikia.