Mtazamaji Ndani ya Picha: Kutoka Panorama hadi Uhalisia Pepe

Uhalisia pepe katika majumba ya makumbusho huchukuliwa na wengi kuwa ni jambo lisilo na asili ya zamani. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba haja ya kumtia mtazamaji ndani ya picha ni kongwe, na kwamba suala la elimu aipatayo humo ni lile lile.

Mwaka 1787 mchoraji Robert Barker alipewa hataza nchini Uingereza kwa ubunifu uliokuja kuitwa panorama. Mwaka 1793 alifungua jengo la mviringo katika Leicester Square, London, lililojengwa mahsusi kwa kazi hiyo. Mtazamaji alipita katika ujia wenye giza, akatokea kwenye jukwaa la katikati, akajikuta amezungukwa na picha pande zote. Kingo za picha zilifichwa ili asipate kitu cha kuilinganisha nayo. Hata hivyo, aliweza kupata karatasi iliyochapwa, yenye mchoro na majina ya mahali palipoonyeshwa. Kwa hiyo, ijapokuwa jicho lilidanganywa, akili iliachiwa njia ya kuhoji.

Mwaka 1968 Ivan Sutherland wa Marekani alieleza chombo cha kuvaliwa kichwani, ambacho picha yake hubadilika kadiri kichwa kinavyogeuka. Kutokana na fikira hiyo tumepata miwani ya leo. Mwezi wa Agosti 2015 British Museum, London, iliwaingiza wageni katika nyumba ya mviringo ya Zama za Bronzi, yenye nakala za vitu halisi vya hazina yake. Vitu hivyo vilikuwa ushahidi. Nyumba iliyovizunguka ilikuwa dhana ya wataalamu. Lakini ndani ya miwani ushahidi na dhana huonekana kwa uthabiti ule ule.

Aidha, John Falk na Lynn Dierking walieleza mwaka 1992 kwamba mgeni wa makumbusho hujifunza katika mazingira matatu: nafsi yake, wenzake aliofuatana nao, na mahali penyewe. Miwani hukuza mahali, lakini humtenga mtu na wenzake: bibi hawezi kumwonyesha mjukuu wake kitu kwa kidole, wala mjukuu hauoni uso wa bibi anapouliza.

Suala hili latuhusu sisi pia. Magofu ya Kilwa Kisiwani yamekwisha kupimwa kwa miale ya leza na mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Vipimo hivyo huhifadhi kuta zilizosalia. Havihifadhi mazulia, sauti wala desturi za waliokaa humo. Atakayetaka kuvijaza vyumba hivyo hana budi kumwonyesha mtazamaji mahali ushahidi unapokoma na dhana inapoanza, na kumwachia nafasi ya mazungumzo baada ya kuvua miwani. Lugha yetu yenyewe imekwisha kutuelekeza: neno makumbusho limetokana na kukumbusha, na kukumbusha kwahitaji watu wawili.